Sanduku la Mutarakwa

Baba yangu hajawahi kuvuta siga hata moja maishani mwake, na bado kati ya Nyeri na Nanyuki sijasikia mtu aliyejua kuzitunza kama yeye. Nasema siga, zile nene za kahawia zinazosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, si hizi sigara za karatasi zinazouzwa mojamoja kioskini. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi nyumbani kwa Mzee Thakorbhai, mwenye duka la vitambaa na yunifomu za shule mjini Nyeri. Alifagia, alipiga pasi, alikata ua, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa hiyo ya siga. Angeweza kukuuliza habari za masomo yako akasahau jibu kabla hujamaliza kulisema. Ungemuuliza siga zilikuwa na unyevu kiasi gani Jumanne iliyopita, angekutajia.

Jina lake ni Kingori wa Mwai, na kwetu ni Ihururu, kule juu ambako ukungu wa msituni hushuka hadi mlangoni bila kubisha. Mimi ni binti yake wa kwanza, Nduta. Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, ndiyo maana baba haniiti Nduta ila akikasirika. Huniita maitu, yaani mama yangu. Usilisahau hilo, kwa sababu nitakueleza jinsi alivyomtoa mama yake chumbani ili tumbaku ipate mahali pa kulala.

Barazani kwa Mzee Thakorbhai kulikuwa na viti viwili vya mbao vyenye mito ya kijani. Kila siku saa kumi jioni Mzee aliketi kwenye kimoja, na baba akaleta trei yenye siga, kikata ncha, kibiriti cha vijiti virefu na chai ya tangawizi. Baba alikata ncha, akawasha kijiti, Mzee akavuta. Kisha baba akasimama nyuma ya kile kiti cha pili, mikono mgongoni, wakazungumza habari za mvua, za magonjwa, za nani amekufa Murang'a na nani amepandishwa cheo Kerugoya. Walizungumza kama watu waliokua pamoja. Kiti kile kilikaa kitupu siku nyingi kuliko zile zilizokuwa na mgeni. Hakuna aliyewahi kumkataza baba kukikalia, na hakuna aliyewahi kumwambia akikalie. Nilipokuwa mdogo nilimkuta amesimama hivyo mara nyingi sana, nikaamini kwamba magoti yake yana ugonjwa wa kutokunjika.

Mwaka wa 2019 daktari alimpima Mzee kifua akakunja uso. Bharti, mke wa mwanawe Alpesh, ndiye aliyekuwa akiendesha nyumba baada ya mke wa Mzee kufariki, naye ni mwanamke wa vitendo. Siku hiyohiyo alikusanya vibiriti, visahani vya majivu na lile sanduku zuri la siga lililotoka ng'ambo, akatupa vyote. Simlaumu. Kama angekuwa baba mkwe wangu, ningefanya vivyo hivyo na kuwahi zaidi. Lakini Mzee alikuwa ameshaokoa siga ishirini na tano, zilizokuwa bora kuliko zote, alizoletewa na nduguye kwa ajili ya siku moja tu, siku ambayo mjukuu wake Tushar angeoa. Alizitia kwenye mfuko wa karatasi wa dukani, akazifunika kwa soksi za shule, akampa baba nyuma ya nyumba.

Maneno aliyomwambia, baba alituhadithia mara nyingi hata tukayajua kama sala ya Baba Yetu.

"Kingori, weka hii kwako nyumbani, vile unaweka hapa. Siku Tushar anaoa, wewe hutashika trei. Utakaa kwa ile kiti ingine, mimi nitakaa kwa yangu. Moja yako, moja yangu."

Hilo ndilo lililoahidiwa, wala hakuna kingine. Si shamba, si marupurupu. Kiti. Baba alirudi nyumbani jioni hiyo ameukumbatia mfuko kifuani, mama yangu Monicah akadhani amebeba mayai.

Sasa, siga ni kitu chenye deko kuliko mtoto mchanga. Ikikauka, jani linapasuka na moshi wake unachoma koo. Ikilowa sana, inaota ukungu mweupe. Ikipata joto, kuna mayai ya vidudu ndani ya jani ambayo huanguliwa na kuitoboa kama mahindi yaliyoingiwa na bungua. Inataka unyevu wa sabini kwa mia, ubaridi wa wastani usiopandapanda, na giza. Baba alitueleza hayo akiwa amesimama katikati ya sebule, akiitazama nyumba yetu kama mtu aliyekuja kuipangisha. Jikoni kuna moshi. Sebule ina mabati matupu, mchana ni tanuri na asubuhi ni friji. Chumba chao na mama kinavuja. Mahali pamoja tu nyumbani kwetu palikuwa na ukuta wa mawe, plasta na dari, ambapo hali ya hewa haibadilikibadiliki, napo ni chumba changu, nilichojengewa nilipopita mtihani wa darasa la nane.

Nilikuwa kidato cha nne. Ilikuwa mwezi wa tano, miezi sita kabla ya mtihani. Nilihamishiwa stoo, kitanda changu kikawekwa kati ya magunia ya viazi na pampu ya kunyunyizia dawa ya kahawa. Baba aliniambia, maitu, ni kwa muda tu. Nilimuuliza muda gani. Akasema mpaka Tushar aoe, na Tushar alikuwa bado hajapata hata mchumba.

Mama alipinga kwa siku mbili. Siku ya kwanza alipinga kwa ajili yangu, na ya pili kwa ajili ya kanisa, kwa sababu wanawake wa Gild, chama cha akina mama kanisani, walikuwa wakija kwetu kusali Alhamisi, na tumbaku ndani ya nyumba ya Mkristo ni kitu cha kuelezwa. Baba akamsikiliza kwa adabu kisha akaendelea na yake. Mwishowe mama alishona kitambaa cheupe chenye msalaba, akafunika nacho sanduku, na Gild wakiuliza aliwaambia ni la vitabu vya ibada. Mimi nililiita Sanduku la Agano. Baba hakucheka.

Sanduku lenyewe ndilo kiini cha habari hii. Lile la ng'ambo lilikuwa jalalani, na mfuko wa karatasi haukufaa kwa zaidi ya siku chache. Ilibidi atengeneze jingine. Baba alikumbuka kwamba lile la zamani lilikuwa la mbao za kigeni zenye harufu ndogo tamu, na akafikiri kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angefikiri. Kama mti ule wenye harufu hafifu ulitunza vizuri namna ile, wetu utatunza mara kumi. Kwetu ukitaka kitu kidumu unakitia kwenye mutarakwa, ule mwerezi wa msituni. Nguzo ya mutarakwa hailiwi na mchwa, na aliyeichimbia hufa akaiacha imesimama. Kabati lake haliingii nondo. Ghala la babu yangu Mwai lilisimama juu ya nguzo nne za mti huo, nasi watoto tulikuwa tukiweka pua kwenye mbao zake kwa sababu ya ile harufu kali inayopanda hadi machoni.

Baba aling'oa nguzo moja ya ghala la babake. Aliipeleka kwa fundi Kamakwa, ikapasuliwa, ndani ikawa nyekundu na yenye mafuta kana kwamba mti umekatwa jana. Watu walisimama kunusa. Fundi mwenyewe alisema hajashika mbao kama ile miaka mingi. Liliposimama, sanduku lile lilikuwa zuri, nalisema hilo hata leo nikiwa na kinyongo changu. Mfuniko ulikaa barabara. Baba aliweka tochi iliyowashwa ndani, akafunga madirisha ya chumba changu, akalizunguka akitafuta mwanga unaotoroka, hakuona hata ufa.

Ndani aliweka kipande cha sponji ndani ya kisahani cha sabuni kilichotobolewa matundu. Hakulowesha kwa maji ya bomba, kwa sababu yana chumvichumvi na huleta ukungu. Alinunua kwenye kituo cha petroli yale maji yaliyotoneshwa ambayo madereva huongeza kwenye betri za magari. Alikuwa na kipima unyevu kidogo cha duara alichopewa na Mzee zamani, nacho alikiita saa. Kila baada ya miezi mitatu aliijaribu saa hiyo: alitia chumvi kwenye kifuniko cha soda, akailowesha kidogo, akaifungia pamoja na saa ndani ya mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia. Kesho yake mshale ukisoma sabini na tano, saa ni nzima. Mwezi wa saba ukungu unapokaa wiki nzima, alipunguza maji. Mwezi wa pili upepo mkavu unapotoka Laikipia, aliongeza. Mara moja kwa mwezi alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akazihamisha siga za chini kuja juu. Aliiviringisha kila moja karibu na sikio, na isipotoa mlio wa kupasuka, akatabasamu. Alizijua kwa vidole na kwa sikio. Hakuzijua kwa ulimi, kwa hiyo alikuwa kama mtu aliyepika miaka thelathini bila kuonja mchuzi.

Nami nilifanya mtihani. Nilipata alama za kuingia chuo cha ualimu wa watoto wadogo na si zaidi, na lawama yote niliitwika magunia ya viazi. Labda nisingepita hata kama ningelala ikulu. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilihitaji mtu wa kumchukia, na baba alikuwa karibu.

Kisha korona ikaja, vyuo vikafungwa, harusi zikaahirishwa. Tushar alikuwa amempata Sapna, msichana wa Nairobi, lakini hakuna aliyejua wangeoana lini. Nilikaa nyumbani na simu. Siku moja, kwa kutafuta cha kumdhihaki baba, niliandika kwenye simu jinsi ya kutunza siga nyumbani. Nilikutana na ukurasa mrefu wa Kiingereza. Maji yaliyotoneshwa, baba alijua. Sabini kwa mia, alijua. Jaribio la chumvi, alijua, tena ukurasa ulilieleza vibaya kuliko yeye. Nilikaribia kumheshimu. Halafu chini kabisa niliona onyo: kamwe usitumie mbao zenye harufu kali na mafuta, hata zikiwa nzuri namna gani kwa kabati la nguo, kwa sababu mafuta yake huingia ndani ya jani la tumbaku na hayatoki tena. Walisema hata mkebe wa plastiki wa chakula unaofunga vizuri ni afadhali mara mia.

Nilisoma mara tatu. Siga zilikuwa zimekaa mle karibu mwaka mmoja. Nilijua kwamba upande wa ndani wa mfuniko ulikuwa umetoa matone ya utomvu, kwa sababu baba alituita tuyaone. Alisema mti unatoa jasho, ni dalili ya uzima, akayapangusa kwa kitambaa. Niliinuka na simu mkononi nikaenda kumwambia. Nataka ijulikane hivyo, kwamba niliinuka. Nilimkuta mlangoni mwa chumba changu akikagua saa yake. Kabla sijafungua mdomo akanyoosha mkono kunizuia.

"Maitu, usiingie ingie hapa. Unaharibu hewa yao."

Hewa yao. Nilifunga simu nikarudi kwenye viazi vyangu. Moyoni nilisema acha zioze, na nilisema kwa raha.

Hasira hiyo ilidumu kama mwaka. Ilipopoa nilikuta kwamba kusema kumekuwa kugumu zaidi, kwa kuwa ningelazimika pia kueleza kwa nini sikusema mapema. Nilikwenda chuo, nikamaliza, nikapata kazi ya kufundisha chekechea Kerugoya. Nikija nyumbani nilimkuta baba anadondosha maji ya betri kwa sindano ya dawa ya ng'ombe, na kila mara alinihadithia kiti. Angekaa upande gani. Angeikata yake mwenyewe au Mzee angemkatia. Angevuta bila kumeza moshi, kwa sababu alijua siga haimezwi, huonjwa mdomoni na kuachiliwa. Alikuwa amezungumza hata na mchungaji, na mchungaji alikuwa amesema moja tu, kwa heshima ya mzee, Mungu ataelewa.

Tushar na Sapna walioana mwezi wa pili mwaka wa 2023. Harusi yenyewe ilikuwa Nairobi, na Jumapili iliyofuata kukawa na chakula cha mchana Nyeri kwa wale waliomwona Tushar akikua. Mzee alikuwa amenyong'onyea kabisa wakati huo, lakini alimtumia baba ujumbe kwa mdomo wa dereva: alete sanduku.

Baba alivaa suti yake ya kanisani. Mama, aliyeipinga tumbaku ile miaka mitatu na miezi tisa, ndiye aliyemfunga tai. Alimwangalia mbele na nyuma.

"Leo usikae kwa ncha ya kiti kama mtu amekuja matanga," akamwambia. "Kaa mpaka nyuma."

Mimi nilimsindikiza kubeba sanduku. Tulipotoka kituoni kwenda kwa Mzee, baba alisimama njiani, akainua pembe ya kile kitambaa cha msalaba, akanusa, akaniuliza kama nasikia lilivyonukia. Nilisema nasikia. Nilikuwa nalo mikononi. Ningeweza kulidondosha mtaroni, nikajikwaa kwa makusudi, baba akanikasirikia mimi na wala si yeye mwenyewe. Nililifikiria hilo kwa hatua kama kumi. Kisha tukafika langoni.

Bharti alikuwa mlangoni akihesabu sahani. Alimwona baba, akaanza kumwambia kuhusu glasi, halafu akaiona suti, akasogea tupite. Barazani vijana walikuwa wamejaa, Tushar na rafiki zake, na Alpesh akipiga picha. Mzee Thakorbhai aliketi kwenye kiti chake, blanketi magotini. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Alikipigapiga kwa kiganja.

Baba aliketi. Aliketi mpaka nyuma, kama alivyoambiwa, akaweka mikono juu ya magoti, na magoti yakakunjika kama ya mtu mwingine yeyote. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha iliyotulia namna ile. Nilisahau kila kitu kwa muda ule, hata viazi.

Mzee alifungua sanduku mwenyewe. Harufu ilitoka kabla mfuniko haujafika mwisho, ile harufu ya kabati la nyanya yangu, ya ghala, ya nguzo mpya. Siga zilikuwa na rangi nzuri, laini, zenye mng'ao kidogo wa mafuta. Mzee aliishika moja, akaileta puani, na nikaona macho yake yakisimama. Alikata ncha za siga mbili, moja akampa baba, baba akaitia kwenye mfuko wa juu wa koti ili kwanza amwashie Mzee, kwa sababu mazoea hayavuliwi na suti.

Mzee alivuta. Uso wake ulijaribu kukaa sawa, niliuona ukijaribu. Alpesh alikuwa ameokota nyingine, akainusa, akasema kwa sauti ya kawaida tu, bila ubaya wowote, "Papa, hii inanuka kabati." Vijana wakacheka. Mmoja akasema ataining'iniza kati ya makoti yake yasiingiwe na nondo. Baba aliwatazama akitabasamu, hajaelewa bado, akifikiri ni mzaha wa harusi.

"Iko sawa," Mzee akasema, akavuta tena, kwa nguvu zaidi, kumheshimu.

Moshi ule ukamkaba. Alikohoa kikohozi kilichotoka miguuni, blanketi likaanguka, siga ikaanguka juu yake. Bharti alikuja mbio, mtu akaita maji. Baba akainuka. Hakuna aliyemtuma, kulikuwa na watu ishirini pale wenye miguu ya vijana, lakini aliposikia neno maji aliinuka. Akaenda jikoni, akarudi na glasi juu ya trei yenye kitambaa. Aliporudi, Alpesh alikuwa ameketi kwenye kile kiti akimshikilia babake mgongoni. Baba alitoa maji. Kisha akaenda kusimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni.

Mzee alipopata pumzi alimtafuta kwa macho, akamuuliza polepole ametumia mti gani.

"Mutarakwa, Mzee. Ya ghala ya baba yangu."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. "Mti mzuri, Kingori. Lakini si ya hii."

Bharti akasema, kwa upole, kwamba zitupwe. Baba alizichukua mwenyewe hadi kwenye pipa. Nilitaka kumsaidia, akasema niache. Alizitupa moja baada ya nyingine, kwa vidole viwili, kama bado angeweza kuziumiza. Njiani kurudi Ihururu alilibeba sanduku tupu mwenyewe. Mama alipoona jinsi tulivyoingia, aliweka chai mezani akamvua baba tai.

Mzee Thakorbhai alifariki mwezi wa saba mwaka huohuo, kwa mapafu. Baada ya ile Jumapili hakuwahi kuketi barazani tena, na hakukuwa na siku nyingine ya kukaa. Baba alikwenda kwenye mazishi, akasimama na wafanyakazi. Alirudi na ile siga ya kwake ingali kwenye mfuko wa koti la suti. Haikuwashwa, na mpaka leo imo humo.

Mwezi wa kwanza mwaka jana nilikuja nyumbani kabla shule hazijafunguliwa. Baba ameacha kazi. Nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya jiko, amelipakata sanduku, analisugua kwa msasa. Mama ameanza kutunzia humo mbegu za maharagwe, na hakuna hata moja iliyotobolewa. Baba aliniambia hivyo kama mtu anayetetea jamaa yake mahakamani. Alisugua kidogo, akaacha. Akaniuliza bila kunitazama.

"Maitu, wewe umesoma, na uko na simu. Hukuona mahali imeandikwa ati mutarakwa inaharibu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo karibu miaka minne. Nilikuwa na maneno, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi Kerugoya, watoto wakiwa wamelala mikekani. Niliangalia mikono yake iliyojaa vumbi jekundu la mti wa babake.

"Hapana, Baba. Sikuona."

Aliupapasa mfuniko, akilipima hilo jibu. Kisha mabega yake yakashuka, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyeondolewa kesi.

"Basi hakuna mtu angeniambia," akasema. Akapuliza vumbi kwenye mfuniko, akaniomba msamaha kwa ajili ya stoo, miaka ile yote. Akasema chumba changu amekipaka rangi, niingize mfuko wangu nikapumzike.

Niliingia. Kitanda kilikuwa kimerudishwa mahali pake, shuka safi, na chini ya rangi mpya ukuta mzima ulikuwa unanuka mutarakwa. Nilifungua dirisha, nikaketi kwa ncha ya kitanda, nikamsikia nje akimwambia mama kwamba nimesema hakuna mahali popote ilipoandikwa.